Maboksi Ndani ya Buti

Jumanne, 8 Julai

Nimewekwa nyuma. Nyuma kabisa! Sajini Benjamini, mkufunzi wetu wa kwata, leo amepanga platuni kwa kimo. Warefu mbele, wafupi mkiani. Mkiani tupo mimi na Limbu, kijana wa Kisukuma kutoka Igunga tunayelala naye kitanda cha juu na chini. Limbu anafurahi. Anasema nyuma hakuna anayekukanyaga visigino. Mtu hana tamaa hata kidogo, sijui alikuja jeshini kufuata nini.

Kiongozi wa mstari, yule atakayetangulia peke yake siku ya gwaride la kufunga mafunzo, ni Leodgar wa Ulyankulu. Mrefu kama mlingoti. Hakuomba, hakupigania, alizaliwa tu na mapaja yale.

Nimemweleza Sajini, kwa heshima, kwamba babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, yaani ndiye aliyetangulia misafara ya pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani. Uongozi wa njia uko kwenye damu. Sajini akaniuliza kama na huyo babu alikuwa akiongea ndani ya mstari. Nikapewa kufagia kiwanja.

Shida yenyewe ni hii: siku ya kwanza ya wageni nilimwambia Mama kwamba nimeshachaguliwa kuwa kiongozi wa mstari. Sikudhani angesema. Amesema. Mtaa wetu wa Kanyenye wote unajua, hadi fundi cherehani wa pale msikitini. Watakuja wote kwenye gwaride.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata ufumbuzi! Kimo si kitu cha kudumu.

Nimechukua boksi la sabuni jikoni, nikakata vipande kwa umbo la wayo wangu, nikavipanga ndani ya buti kimoja juu ya kingine. Kisigino nimekiongezea kipande cha ndala iliyokatika. Nikasimama. Dunia ilionekana tofauti. Niliona utosi wa Limbu kwa mara ya kwanza, na una kovu.

Limbu alinitazama nikitembea hangani, bwenini mwetu, kutoka kitanda hadi mlango. Akasema natembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Wivu.

Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Baada ya swala nilimfuata Sajini na kumwomba anipime upya. Nikamwambia sisi watu wa ukoo wetu tunachelewa kukua. Alinitazama kwa muda, kisha akanisimamisha kwenye ukuta wa bwalo na kuweka rula kichwani. Akashangaa. Akasema chakula cha kambi kumbe kina faida, na nadhani alisema kwa kujivunia, maana yeye ndiye mkubwa wa jikoni mwezi huu.

Nimehamishiwa safu ya pili, nyuma tu ya Leodgar. Bado hatua moja tu.

Tatizo dogo: hatua moja ya Leodgar ni kama hatua yangu moja na nusu. Ili nisiachwe inabidi nirushe mguu mbele mpaka nyonga ilie, kisha nitue na kisigino kwa nguvu zote. Na kiwanja chetu msimu huu wa kiangazi ni kikavu kama saruji. Jioni mguu wa kulia ulikuwa unanung'unika, juu ya wayo, nyuma kidogo ya vidole. Buti jipya, nadhani. Litazoea.

Jumapili, 13 Julai

Mama amekuja na vitumbua na maneno. Vitumbua vilikwisha haraka.

Nilimwonesha buti zangu kwa mbali. Nikamweleza kwamba sasa niko safu ya pili kwa muda, kama mbinu ya kivita, ili adui asijue kiongozi ni nani. Aliitikia. Halafu Limbu, ambaye hakualikwa, akamwamkia shikamoo na kumuuliza habari za yule babu kirangozi. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema kirangozi wapi! Yule babu alikuwa mpishi wa msafara, tena walimwacha Ugogo kwa sababu alilala msafara ukaondoka.

Limbu ameisimulia hanga nzima. Wananiita Mpishi.

Mguu bado. Niliuchua kwa mafuta ya nazi. Asubuhi ukiamka unakuwa mzima kabisa, tunapoanza mchakamchaka ndipo unakumbuka kuuma. Mguu mnafiki.

Jumanne, 15 Julai

Amekuja mtaalamu wa viungo kutoka Dar es Salaam, Luteni Agnetha. Anasema kila mwaka makuruta wanavunjika mifupa ya miguu bila kuanguka wala kupigwa, na yeye amekuja kutafuta nani yuko hatarini kabla hajavunjika. Tukavuliwa buti wote. Nilifanikiwa kusukuma zangu chini ya benchi kwa kisigino.

Alitulowesha nyayo kwa maji na kutukanyagisha kwenye saruji. Alama ya Limbu ilikuwa imejaa vizuri. Alama yangu ilikuwa kisigino, kisha hewa, kisha vidole. Akasema wayo wangu una upinde mkubwa na ni mgumu, haulegei ukigusa chini, kwa hiyo kishindo chote kinabebwa na mifupa membamba ya mbele. Nikamwambia asante. Akasema haikuwa sifa.

Kisha akatupiga video kwa simu tukipiga kwata na buti zetu, akaipunguza mwendo. Sijawahi kujiona hivyo. Naonekana kama mtu anayeruka mfereji ambao haupo. Luteni akaeleza mbele ya platuni nzima: mtu akinyoosha hatua kuliko miguu yake, mfupa unakunjwa kidogo kila anapotua. Kidogo tu. Lakini mfupa unahitaji muda wa kujijenga, na makuruta hatuupi, tumetoka kukaa darasani tukaanza kukimbia na mizigo kwa wiki moja. Mwisho unafanya ufa, kama waya unaokunjwa mahali pale pale. Na ukiinua kisigino ndani ya kiatu, uzito wote unakimbilia mbele.

Aliposema hilo la mwisho alikuwa ananitazama mimi. Au buti zangu. Sijui.

Aliniita pembeni, akaminya juu ya wayo wa kulia, akaniuliza kama panauma. Nikasema hapana, Afande. Akaminya tena. Nikasema hapana, Afande. Akaniuliza mbona basi natokwa na machozi. Nikamwambia ni vumbi la Tabora.

Walioumia vibaya wanarudishwa nyumbani na kusubiri kundi lijalo. Sikutaka kumsikiliza zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Sina maneno. Lakini nitaandika.

Luteni amemshauri mkuu wa kambi, na mkuu amekubali: kuanzia leo wafupi WATANGULIE. Eti mfupi akiwa mbele, mwendo unafuata hatua zake, hakuna anayejinyoosha kupita kiasi, na warefu wanafupisha bila kuumia. Sajini akasoma vipimo vya mwisho. Limbu mbele! Limbu kiongozi wa mstari! Limbu ambaye hajui hata kwa nini yuko hapa!

Na mimi, kwa vipimo vya ukuta wa bwalo, nyuma na Leodgar.

Laiti ningekaa kimya na miguu yangu kama ilivyoumbwa, leo ningekuwa nasimama pale, au angalau ningepigania nafasi na Limbu tu. Nilitaka kulia. Leodgar alinigonga bega kunifariji, akasema nyuma kuna upepo mzuri. Yeye kushuka kutoka mbele hakujamgusa hata kidogo. Watu hawa wananichosha.

Nikitoa maboksi sasa hivi, Sajini atajua nilimdanganya. Kudanganya ni kufukuzwa. Nimeamua kutoa tabaka moja moja, nipungue polepole, mtu asigundue.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetoa tabaka mbili. Sajini amegundua.

Ameniuliza mbona leo naonekana mdogo. Nikamwambia baridi ya asubuhi hukaza mwili. Akasema baridi hiyo isinipate tena hadi gwaride, hataki kupanga mistari kila siku kama muuza nyanya sokoni. Nimezirudisha.

Mbinu ya pili: kumrefusha Limbu, ili mistari ipangwe na kupimwa upya. Nilimweleza, kwa siri, kwamba warefu wanapakuliwa nyama zaidi, jambo ambalo ni kweli kwa Leodgar. Nikamwahidi maboksi bora kuliko yangu, ya katoni za maziwa. Limbu alifikiri kwa muda mrefu mpaka nikaanza kutumaini. Kisha akasema hapana, kwa sababu buti zake zinambana tayari. Akaongeza, bila ubaya wowote, "Mpishi, wewe toa hayo maboksi. Unachechemea hata ukiwa umelala."

Sichechemei.

Jumanne, 22 Julai

Nachechemea. Sasa unauma hata nikisimama foleni ya uji. Juu ya wayo pamevimba, na sehemu moja nikiigusa kwa kidole naona nyota mchana.

Luteni Agnetha aliniona nikipita. Leo anaondoka kwenda kambi nyingine kwa siku chache, lakini alisimamisha gari, akashuka, akaamuru nipelekwe mjini kupigwa picha. Nikapelekwa na bajaji. Nilijua mambo yamekwisha.

Na kumbe! Picha ni safi! Daktari aliiinua kwenye mwanga, akasema haoni ufa. Niliinuka kwenye kiti kabla hajamaliza. Aliendelea kusema kitu, kwamba ufa wa aina hii mwanzoni hujificha, hauonekani kwenye picha mpaka wiki mbili au tatu zipite, kwa hiyo nisiukanyagie mguu, nirudi tena kupigwa picha nyingine. Lakini mtu ukishaambiwa ufa hauonekani, mengine ni adabu tu za madaktari.

Nilimwambia Sajini ukweli mtupu: daktari amesema haoni ufa. Akauliza kama alisema kitu kingine. Nikasema alinitakia kila la heri. Sajini akafurahi, nilimwona kabisa akishusha pumzi. Akasema Alhamisi basi tutakuwa wote kwenye matembezi marefu.

Leodgar naye alikuwa pale, ameinama akikaza kamba za buti kwa muda mrefu. Aliniuliza kama ilikuwa inauma juu ya wayo au kwenye ugoko. Nikamwambia hainiumi popote. Akasema, "Ah. Bahati yako."

Alhamisi, 24 Julai

Naandika nikiwa hospitali, mguu uko juu ya mto.

Tulitoka alfajiri na mizigo mgongoni kupitia njia ya Kwihara. Sajini alikuwa na furaha, akatusimulia kwamba hapa ndipo walipopita wapagazi, pembe begani, miezi hadi pwani, na hakuna aliyelalamika buti kwa sababu hawakuwa nazo. Platuni nzima ikageuka kunitazama. Mtu mmoja akauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Mwendo ulikuwa wa Limbu, mfupi na wa haraka, na nakiri kwamba kwa mtu mwenye miguu miwili ulikuwa mwendo mzuri. Lakini mimi kila nikitua nilikuwa nauma meno. Tulipoanza kurudi, kwenye mteremko wa kokoto, nilisikia kitu ndani ya wayo. Kama kijiti kikavu. Nikaanguka kifudifudi na mzigo ukanipanda kichwani.

Safari hii sikusema vumbi. Nililia kama mtoto. Sajini alikuja mbio, akapiga magoti, na uso wake ukabadilika. Gari la kambi lilikuwa limekwenda kuchukua kuni. Leodgar akavua mzigo wake, akampa Limbu, akageuka na kuinama. Akasema, "Panda, Awadhi." Hakuniita Mpishi.

Sasa, utaratibu mpya wa kambi ni kwamba mwenye hatua fupi kuliko wote, na mgonjwa akiwepo basi yeye, ndiye anayetangulia ili mwendo umfuate. Sajini akautimiza kama ulivyoandikwa. Mgonjwa mbele! Hivyo tukaingia Tabora, tukapita Kanyenye katikati, saa za maduka kujaa watu: mimi mbele ya platuni nzima, juu ya mgongo wa mtu, mrefu kuliko kila kichwa mtaani. Fundi cherehani alisimamisha mashine. Waendesha bodaboda wakapiga honi. Mama alikuwa anachagua mchele. Akaacha ungo, akakimbia kandokando yetu huku ameshika kanga, akiuliza Mwanangu, wamekufanya nini! Nilimpungia mkono. Sikujua nifanye nini kingine.

Leodgar alikuwa akipumua kwa tabu, na kila hatua ya mguu wa kushoto alitoa sauti ndogo puani. Nilidhani ni uzito wangu.

Hospitali, muuguzi akavuta buti. Maboksi yakamwagika sakafuni. SABUNI YA UNGA, HARUFU YA LIMAO. Kisha kipande cha ndala. Mbele ya Mama, Sajini, Leodgar na wagonjwa wa foleni. Sajini akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakipima kwa vidole, akanitazama mimi, akakitazama tena. Kisha akatoka nje, na tukamsikia huko nje akijiuliza kwa sauti amemkosea nini Mungu.

Jumamosi, 26 Julai

Mfupa wa pili wa wayo, umekatika. Picha ya sasa hata mimi naiona.

Luteni Agnetha amerudi kwa ajili yangu. Nilitegemea makaripio. Akavuta kiti, akakaa.

"Siku ile nilikuuliza panauma."

"Ndiyo, Afande."

"Ukasema?"

"Vumbi, Afande."

"Mimi siwezi kuuona mfupa wako, Awadhi. Macho yangu yote ni kile unachoniambia."

Nikatazama mto. Akaniambia pia jambo ambalo sikulitaka. Baada ya mimi kuanguka, Leodgar alikwenda mwenyewe kwake na kusema ugoko wa kushoto unamuuma tangu wiki ya kwanza, alikuwa akificha kwa kuogopa kurudishwa Ulyankulu mikono mitupu. Mfupa ulikuwa umeshaanza kuchoka, ila haujakatika. Amezuiwa kutembea. Kama angeendelea hadi gwaride ungekatika, na wa ugoko si mchezo.

Kwa hiyo alinibeba na mguu ule.

Nikamuuliza Luteni, je, si haki kusema kwamba kuanguka kwangu ndiko kulikomwokoa Leodgar? Luteni akafumba macho. Akasema tukiangalia kwa namna moja, ndiyo. Nikamwomba amwambie hivyo na Sajini. Akainuka akaondoka bila kuaga.

Sijafukuzwa. Sajini amesema atanipokea na kundi lijalo, kwa sharti kwamba nipimwe peku.

Jumamosi, 9 Agosti

Gwaride la kufunga mafunzo. Mimi na Leodgar tumekaa viti vya plastiki kwenye kivuli cha turubai, mimi na magongo na plasta, yeye na bandeji. Kanyenye yote ilikuja kama walivyoahidi. Mama amewaambia kwamba niliumia nikimwokoa mwenzangu. Sikumkatiza, maana hata Luteni alikiri.

Limbu alitangulia. Peke yake, mbele, kifua nje, hatua zake fupi, na platuni nzima nyuma yake kama kitu kimoja. Hakuna hata mmoja aliyejinyoosha wala kukimbizana. Watu walipiga vigelegele. Alipopita mbele yetu aligeuza macho, si kichwa, akatukonyeza. Nilijikuta napiga makofi kabla sijajizuia. Iliniudhi sana.

Leodgar alikuwa anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Nikamwambia pole, na nikamwambia asante kwa siku ile. Yalitoka kwa shida, kama mtu anayetapika mwiba wa samaki. Akasema hakuna neno. Kisha akasema mimi ni mwepesi, kuliko gunia la tumbaku. Sijui kama nilitukanwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Mama ananipa maziwa, dagaa, maziwa tena. Anasema Luteni ameagiza.

Luteni ameagiza mengi. Mguu wa kulia usiguse chini kabisa. Plasta ikitoka nianze kutembea taratibu, niongeze kidogo kidogo wiki hadi wiki, mazoezi ya misuli ya vigimbi kwanza, na nikisikia maumivu niseme. Alirudia niseme. Ameniambia nirudi kambini mwakani nikiwa nimejijenga, na kwamba mtu wa kimo changu, kwa utaratibu mpya, ana nafasi nzuri ya kutangulia.

Nafasi nzuri! Maneno yake mwenyewe!

Basi nimekaa kitandani asubuhi nzima nikifikiri. Limbu ameshamaliza mafunzo, hayupo tena. Mwakani watakuja wafupi wapya, wazima, wenye miguu miwili. Nikisubiri plasta itoke ndipo nianze, nitakuwa nimechelewa. Lazima nipate pumzi na nguvu sasa hivi.

Nimepata ufumbuzi, na safari hii sihitaji boksi wala kumdanganya mtu. Nimekwishajaribu uani Mama alipokwenda sokoni: magongo pembeni, kuruka kwa mguu mmoja kutoka kisimani hadi jikoni, peku, kwenye saruji, kwenda na kurudi mpaka jasho likanitoka. Ni zoezi zuri mno. Kesho naongeza maradufu, na keshokutwa, Inshallah, nabeba ndoo ya maji. Jirani, Bi Zuwena, alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kwani wataalamu wameniruhusu hivyo. Nimemjibu kwa ukamilifu. Luteni alikataza mguu wa kulia. Wa kushoto hakuutaja kabisa.